Mbwa Aliyeogeshwa Kwanza

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja mjane, anaishi peke yake na mbwa wake, na mbwa huyo ndiye alikuwa mwenzake wa kuongea naye. Asubuhi moja pikipiki ikamgonga mbwa mbele ya nyumba. Mguu ukavunjika, akabaki amelala kwenye matope, damu inamtoka.

Mnadhani mama alifanya nini? Alibandika maji jikoni. Akamwogesha kwa sabuni, akamfunga kanga mpya, ndipo akambeba kwenda kwa daktari wa wanyama. Msimcheke. Ninyi mkiugua, si mnaoga kwanza na kutafuta nguo safi kabla ya kwenda hospitali?

Daktari akampokea mbwa, akashangaa alivyolowa. "Mama, huko kwenu mvua imenyesha?"

"Hapana, daktari. Nimemwogesha. Ningekuleteaje mbwa amejaa matope na damu?"

Daktari akamfunua mdomo. Fizi nyeupe, mwili wa baridi, pumzi fupi fupi. Akachukua sindano, akamchoma ubavuni, hewa iliyokuwa inabana mapafu ikatoka. Akamtundikia dripu, akamfunika blanketi. Mguu hakuugusa. Mama akakasirika.

"Daktari, mguu umevunjika, huuoni?"

"Nauona, mama. Lakini pumzi ikikata, mguu nitamfungia nani?"

Mama akakaa kwenye benchi, akalia bila kujificha. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Halafu mbwa akainua kichwa, akamtafuta mama kwa macho, na mkia ukaanza kugonga meza: pu, pu, pu. Mbwa amepona! Kesho yake mguu ukafungwa.

Mama akapiga magoti kushukuru. Daktari akamwinua. "Mama, pikipiki haikumweza huyu. Kilichotaka kumuua ni ule muda wa kuogeshwa. Damu na matope ndiyo kazi yangu. Siku nyingine niletee alivyo."

Sasa tujiangalie sisi. Wewe kaka uliyekaa karibu na mlango, mwaka wa tatu huu unasema utaokoka ukishaacha pombe. Na wewe dada, utarudi kwa Bwana ukishapatana na wifi yako. Tunajiogesha huku pumzi inakata! Nani alituambia kwamba Yesu anaogopa damu? Wote waliokwenda kwake walivyo, hakuna aliyemshinda kumponya. Hata mmoja. Basi inuka hapo ulipo, uje na matope yako.