Kwa Nini Kijito cha Ngolwa Hupita Chini ya Ardhi

Nyote mnajua mahali kijito cha Ngolwa kinapoingia chini ya mwamba mweusi kule mlimani na kupotea. Huibukia huku kwetu tambarareni, kikiwa na baridi yake ile ile. Zamani hakikuwa hivyo. Kilipita juu, machoni pa watu, kikizunguka kila shamba la mlimani.

Wakati huo babu zetu waliishi huko juu, na kijiji kizima kilikuwa na ghala moja. Baada ya mavuno kila nyumba ilipeleka mtama kadiri ya shamba lake: mwenye shamba kubwa makapu mengi, mwenye kijishamba kibaba tu. Ukame ukija, wote walikula humo. Na kila kiangazi wenye mashamba madogo walikutana kijitoni wakazoa tope huku wakiimba, ili maji yasizibwe njia.

Aliyekuwa na mashamba makubwa kuliko wote ni Sengondo. Mwaka mmoja alimwalika mkuu wa kijiji, akamchinjia dume la ng'ombe, kisha akamwambia, "Maji tunakunywa sawa. Basi na ghalani tupeleke sawa, kila nyumba kapu moja." Mkuu, nyama ikiwa bado mkononi, akaona ni haki. Kesho yake amri ikatangazwa.

Nakijwa alikuwa mjane mwenye matuta machache. Mavuno yake yote yalikuwa kapu moja. Akaenda kwa Sengondo.

"Baba, wewe ukitoa kapu, huoni hata limepungua wapi. Mimi nikitoa, wanangu watakula nini?"

"Sheria ni moja kwa wote, mama," Sengondo akajibu.

Nakijwa akatoa kapu lake. Kisha akawachukua wanawe, akanawa uso kijitoni kwa mara ya mwisho, akateremka. Wenye mashamba madogo wakamfuata, nyumba baada ya nyumba, kila mmoja akinawa uso na kwenda.

Kiangazi kilipofika, hapakuwa na watu wa kuzoa tope. Watu wa Sengondo hawakuwahi kuingia kijitoni na jembe. Tope likajaa, maji yakasimama, yakatapakaa yakitafuta njia, mpaka yakapata ufa chini ya mwamba. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta kijito kimekauka.

Sengondo aliufuata mvumo wa maji chini ya mawe hadi tambarareni. Akayakuta maji yakibubujika katikati ya vibanda vya wale walioondoka. Nakijwa alikuwa akichota.

"Rudini," akamsihi. "Nitatoa makapu yangu kama zamani. Hata zaidi."

Nakijwa akainua macho mlimani.

"Mwanangu mdogo hulilia ukungu wa kule," akasema. "Na mimi nikiona wingu limetua mlimani, kazi hunishinda. Lakini maji hayapandi mlima, baba. Na huku tumeshapanda mbegu."

Akamjazia kibuyu, akamsindikiza mpaka mwanzo wa mlima, akasimama akimtazama akipanda, naye Nakijwa machozi yakimtoka.

Na tangu wakati huo Ngolwa imebaki chini ya ardhi. Wanawake wa mlimani, wakitoka kuchota mbali, hutua mitungi yao kwenye ule mwamba na kuweka sikio juu ya jiwe, wayasikie maji yakienda. Na sisi wa huku, hatujengi nyumba bila kuuelekeza mlango mlimani.