Mahari ya Nyumba ya Udaktari

Uliza mahari kabla ya vigelegele.

Msemo huu nilipewa na Namsifu, mwanamke tuliyeolewa naye kijiji kimoja, msimu uliopita wa tangawizi, tukiwa tumekaa mlangoni tunazikwangua udongo. Ninyi wajukuu mmeusikia jana, mmecheka, mmeniuliza umetoka wapi. Basi umetoka nyumbani kwa Mchome, kaka yake Namsifu, huku huku kwetu milimani Upare, wala si zamani.

Mchome ana binti mmoja, Nakunda. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka na binti amefaulu, Mchome alisimama uani akapaza sauti, "Daktari! Nimezaa daktari!" Wanawake waliokuwa wakilima upande wa pili wa bonde wakaitikia kwa vigelegele. Jumapili akamsimamisha kanisani. Toka hapo jina la Nakunda likasahaulika. Daktari huku, Daktari kule. Kuna mzee alimletea hadi goti lake alikague.

Lakini mtoto mwenyewe hali, halali.

Namsifu akamfuata shambani akamuuliza. Nakunda akalia.

"Shangazi, udaktari wanataka Fizikia. Mimi nimesoma Kemia, Baiolojia na Jiografia. Shuleni kwetu mwalimu wa Fizikia hakuwepo."

"Baba yako anajua?"

"Nitamwambiaje? Nitaomba udaktari hivyo hivyo. Wakinikataa, nitasema wamenionea."

"Na mwaka wako upotee?"

Nakunda akainamia tangawizi zake. Dirisha la maombi ya vyuo lilikuwa linafungwa wiki ile ile.

Namsifu hakumgombeza. Na kaka yake alimjua: ukimwambia jambo uso kwa uso, hulikataa kwanza, akalifikiria baadaye. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, akabandika chai, akamwita.

"Kaka, mwanao anakwenda kuposa."

"Tangu lini msichana akaposa?"

"Anaposa chuo. Kaa hapo. Wewe ndiye mzee wa nyumba ya Udaktari, una binti anayetakwa na nchi nzima. Mimi ni mshenga."

Mchome anapenda mchezo. Akavaa kofia, akashika fimbo, akakunja nne, akakohoa kama mwenye mali. Namsifu akapiga goti, akamsogezea kikombe.

"Pombe ya dengelua hatukuwahi kupika, mzee, pokeeni chai. Tumeona ua katika nyumba hii. Mnataka mahari gani?"

"Binti yangu ni ghali."

"Ghali namna gani?"

Mchome akamgeukia mwanawe. Siku zote zile hakuwa ameuliza. Nakunda akafungua mwongozo wa vyuo kwenye simu, akamsomea kwa sauti ndogo: Fizikia, Kemia, Baiolojia.

"Mmesikia!" Mchome akagonga fimbo. "Haya, mleteni huyo ng'ombe wa kwanza, Fizikia."

Nakunda akaweka simu chini.

"Nasema mleteni! Au mmekuja nyumba ya watu mikono mitupu?"

"Hatuna, baba," Nakunda akasema.

Mchome akavua kofia, polepole.

"Huna kabisa?"

"Sikuwahi kuwa naye, baba."

"Nami nimekusimamisha kanisani."

"Ndiyo, baba."

Akamtazama mwanawe, akaona jinsi mashavu yalivyoingia ndani. "Mama yangu," akamwambia, "mzigo huu umeubeba peke yako?"

Namsifu akawaacha wakapumua. Halafu akasema, "Haya, tuage. Mahari yao si tusi, ndivyo nyumba yao ilivyo. Nyumba ziko nyingi."

Wakabisha kwa Ualimu. Mahari ilikuwepo, tena ikatosha, ila Nakunda akasema binti ni mwema lakini moyo haujashtuka. Wakabisha kwa Lishe. Kemia ikatakwa, Baiolojia ikatakwa, na Jiografia ikapokewa kuwa somo la tatu. Mchome, sasa mzee wa nyumba hiyo, akauliza kwa upole, "Na binti yetu mmempendea nini?"

Nakunda akanyoosha mgongo. "Pale zahanati nilikuwa nasaidia kupima watoto uzito. Wanaletwa wamevimba miguu, na mama zao wametoka kupeleka maharage na mayai mnadani. Wanauza dawa ya watoto wao, baba, halafu wananunua biskuti. Nataka nijue namna ya kuwaambia wanielewe."

Mchome akamgeukia dada yake. "Huyu Lishe ni mdogo wake Udaktari?"

"Si mdogo wa mtu. Ni binti wa nyumba nyingine."

Mchome akainywa chai, imeshapoa. "Tumepokea," akasema.

Maombi yakatumwa pale pale, Mchome kasimama juu ya kiti ameinua simu ishike mtandao, Nakunda akimwambia, "Usitikisike, baba!"

Hajashuka, jirani mmoja akapita njiani. "Mchome! Daktari wetu anaondoka lini, tuje na vigelegele?"

Zamani angepindisha maneno. Siku hiyo alijibu mbele ya mwanawe, macho juu: "Jirani, uliza mahari kabla ya vigelegele. Mimi sikuuliza, nikamtesa mtoto. Na jina lake ni Nakunda."

Mvua ikaanza. Mchome akasinzia kwenye kiti chake, kofia magotini. Nakunda akajinyoosha mkekani, akalaza kichwa kwenye paja la shangazi yake, na usingizi uliomkimbia tangu matokeo ukamrudia. Mguu wa Namsifu ukafa ganzi. Hakuusogeza. Akaegemea ukuta, akasikiliza mvua na pumzi za mtoto, mpaka naye akalala.