Kwa Nini Bunge la Ushongwe Hunong'ona

Hapo kale, Bunge la Ushongwe lilikuwa halijui kunong'ona. Nchi ilikuwa ndogo, ya vilima na mabonde, na kila bonde lilituma mjumbe mmoja. Muswada ulisomwa mara moja tu, haraka haraka, kama mtu anayeanua nguo mvua ikianza kudondoka. Spika akauliza, "Mnakubali?" Wajumbe wakaitikia "Ndiyo!" na kazi ikawa imekwisha. Walijivunia sana kula chakula cha mchana mapema.

Mzee Kihedu alikuwa mjumbe wa bonde la mashariki, ambako maji yalikuwa ya shida. Binti zake mwenyewe walikuwa na makovu ya ndoo vichwani. Kiangazi kimoja aliandika muswada wa kuchimba mfereji pale juu kilimani, ili maji yote ya chemchemi, yaliyokuwa yakimwagikia magharibi, yaje kwao. Alichokuwa anakiogopa ni ulimi wa Bi Namkunda, mjumbe wa magharibi. Mama yule alishamtoa jasho mara nyingi.

Lakini siku hiyo Bi Namkunda aliingia bungeni akiwa hoi, kwa kuwa alikesha na mjukuu mwenye homa. Alikaa, akajifunga vizuri kanga yake, usingizi ukamchukua. Muswada ukasomwa yeye akiwa amelala fofofo. Wajumbe walipoitikia, alishtuka, na kwa aibu ya kukutwa amesinzia akapaza sauti kuwashinda wote: "Ndiyooo!"

Bunge zima likaangua kicheko. Kihedu naye alicheka, tena kwa furaha, maana alikuwa ameshinda bila jasho. Bi Namkunda akamfuata kumpa mkono.

"Hongera, kaka yangu. Nisamehe nimechelewa kuitikia, mjukuu hakunilaza."

"Anaendeleaje?"

"Homa imeshuka kidogo. Hataki uji, hataki chochote, ila maji ya ile chemchemi yetu."

Furaha ya Kihedu ikaisha hapo hapo. Aliutazama ule mkono uliokuwa bado umeshika wake, akaona haya, akamwonea huruma, na binti zake pia akawaonea huruma. Akamgeukia Spika.

"Mheshimiwa, naomba muswada usomwe tena."

"Mzee, si umeshashinda? Unataka nini tena?"

"Nataka Bi Namkunda ausikie."

Spika akasoma tena, kwa kununa, huku wajumbe wakiburuta viti kuelekea kwenye chakula. Hakuna aliyesikia kitu. Basi Kihedu akaichukua ile karatasi, akaketi kando ya Bi Namkunda, akamsomea mara ya tatu, taratibu, sikioni. Alipofika kwenye "maji yote", akalionyesha kwa kidole tu. Neno alilokuwa ameliandika bila wasiwasi nyumbani kwake lilimshinda kulitamka karibu na uso wa yule mama.

Bi Namkunda akaisogeza karatasi. "Na wa kwako wanakunywa wapi?"

"Wanashuka mpaka mtoni. Kwenda na kurudi, jua limeshazama."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ningefoka mpaka jioni. Halafu kesho yake ningekuja kukuuliza hayo hayo."

Akamwomba kalamu. Wakafuta "yote" wakaandika "nusu", vichwa vyao vikiwa vimekaribiana, na wajumbe waliokuwa mlangoni wakarudi mmoja mmoja kukaa vitini.

Na tangu siku hiyo, muswada katika Ushongwe husomwa mara tatu. Mara ya tatu, mwenye muswada huvuka ukumbi akaketi kando ya yule ambaye muswada huo utamuumiza zaidi, akamsomea sikioni. Wageni hulalamika kwamba hawasikii lolote. Maneno mengi makali yamefia pale, kati ya mdomo na sikio.

Na akimkuta mwenzake amesinzia, hamwamshi. Hukaa naye, karatasi ikiwa mapajani, na Bunge zima likangoja kimya mpaka aamke.