Ngiri na Mti wa Maganda Matamu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeitika. Sogeeni. Watu wazima nao wasogee, wasijifanye wanapita tu. Ila hadithi hii ina mavi ndani yake. Anayeona haya azibe masikio sasa hivi, asije kunilaumu baadaye.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na baraza, na baraza likawa na maneno mengi kuliko akili, palikuwa na bonde. Bonde lina mto. Mto una kivuko. Ng'ambo ya kivuko ni mbuga, mbuga, mbuga, mpaka macho yachoke.

Mwaka mmoja ukaota mti mgeni kando ya mto. Nani aliuleta? Hakuna aliyejua. Mti mfupi, una miiba kama sindano za kushonea magunia. Lakini maganda yake, jamani! Matamu kama miwa. Wanyama wakauita Msukari. Swala akala, akarudi. Nyani akala, akarudi na wake zake wote. Kanga akala mpaka akasahau kusema, na Kanga kusahau kusema si jambo dogo. Ngiri naye akala. Akala yeye na watoto wake.

Msukari mmoja ukawa misukari miwili. Miwili ikawa kichaka. Kichaka kikawa msitu. Majani ya malisho yakafa chini yake. Mto ukakonda, ukakonda, ukabaki mbavu. Na maua ya Msukari yalipochanua, wakaja mbu. Ziii! Ziii! Mchana wanajificha kivulini wananyonya utamu wa maua. Jua likipoa wanatoka kunyonya damu.

Homa ikaingia bondeni. Leo unasikia kilio kwa Swala, kesho kwa Sungura. Ngiri alikuwa na watoto tele mwaka ule, wakikimbia nyuma yake mikia juu kama vijiti. Homa ikamchukua huyu, ikamchukua yule. Akabaki Tunu, kitindamimba. Na Tunu naye ameanza kutetemeka.

Basi Nyani akaitisha baraza. Nyani ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Nani alimchagua? Alijichagua mwenyewe, kwa kuwa alikaa juu ya jiwe refu kuliko wenzake. Akakohoa, akajikuna, akasema:

"Ndugu zangu, mimi nimeshajua. Msukari umeletwa na Nyumbu."

Baraza likaguna. Mmm!

"Nyumbu hawana kwao. Kila mwaka wanapita hapa, vumbi tifu tifu, wametoka wapi hatujui. Wamepita, Msukari ukaota. Wamepita tena, homa ikaja. Mnataka nini zaidi?"

Kanga akadakia, "Nami niliwaona kwa macho yangu! Wachafu hao. Hata hawaoshi kwato. Na yule mkubwa wao alinitazama vibaya."

"Vumbi lao linaonekana ng'ambo," akasema Nyani. "Wanakuja. Tuzibe kivuko. Tukate matawi ya Msukari, yana miiba mizuri, tujenge boma. Asivuke hata ndama."

Wote wakaitikia, "Wazibiwe! Wazibiwe!"

Ngiri akainuka. Uso wake, mnaujua uso wa Ngiri, si uso wa kupelekwa harusini. Akauliza, "Mwenyekiti, nani amewaona Nyumbu wakipanda?"

"Kupanda?"

"Ndiyo. Mti haushuki kama mvua. Una mbegu. Nani amewaona na mbegu?"

Nyani akacheka, meno yote nje. "Mama Tunu, kwani wewe ulimwona nani akikupaka huo uso? Mambo mengine hayana shahidi!"

Baraza likacheka. Kwa! Kwa! Kwa! Kanga akacheka mpaka akadondosha unyoya.

Ngiri hakucheka. Alisema, "Tukiziba njia ya asiyepanda, aliyepanda ataendelea kupanda. Nimezika wanangu. Huyu mmoja simziki kwa sababu ya uvivu wa kutafuta." Akageuka, mkia juu, akaondoka.

Nyumbani akamkuta Tunu amejikunja mdomoni mwa shimo, mwili moto kama jiwe la jikoni.

"Mama, nipe ganda tamu."

Ngiri akampa. Mtoto mgonjwa akiomba, utamnyima? Tunu akatafuna kidogo, akaliacha. "Mama, unakwenda wapi tena?"

"Kutafuta anayepanda mti huu."

"Ukimpata utamfanya nini?"

"Nitamng'oa na mti wake."

Akaenda. Akavuka mto kabla boma halijafungwa. Akawakuta Nyumbu wamepumzika, wamekonda, ndama wamelala bila kuondoa nzi usoni. Mkubwa wao alikuwa Bibi Nyumbu, ndevu nyeupe, goti moja limevimba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tunasikia mmetuzibia njia."

"Wanaziba. Mimi nimekuja kuomba kitu."

"Tuna nini sisi? Tuna njaa tu."

"Naomba mavi."

Bibi Nyumbu akageuza sikio, kisha akageuza la pili. "Mjukuu wangu, nimetembea dunia. Nimeombwa njia, nimeombwa radhi. Mavi sijaombwa. Kwenu yameisha?"

"Hayajaisha, Bibi. Nataka kuona mnachobeba."

"Basi chota. Hayo hatuuzi."

Ngiri akapiga pua chini. Akapasua donge, pa! Majani. Akapasua la pili, pa! Majani. Akapasua la ndama, la fahali, la Bibi mwenyewe. Majani, majani, majani matupu. Hakuna mbegu hata moja.

"Ninyi Msukari hamli?"

"Ule wa miiba? Sisi ni watu wa majani, mjukuu wangu. Ganda ni la wenye subira ya kutafuna. Sisi tuna safari."

Ngiri akashukuru. Akarudi bondeni. Si Nyumbu. Sasa ni nani?

Njiani akapita kwa Digidigi. Digidigi mnamjua, mdogo, mwoga, msafi kupita kiasi. Yeye ana desturi moja ambayo wenzake humchekea: choo chake ni kimoja. Awe mbali namna gani, atabana, atakimbia, tip tip tip, akajisaidie pale pale. Ngiri akatazama uwanja wa Digidigi. Kote majani mazuri, hakuna Msukari. Akatazama chooni. Loo! Miche ya Msukari imejaa, imesongamana kama nywele kichwani!

"Digidigi, baba, hiyo miche umepanda wewe?"

Digidigi akaona haya. "Mimi sipandi, dada. Mimi... mimi najisaidia tu."

"Na maganda unakula?"

"Nani hali?"

Ngiri akasimama. Akili ikafanya kazi, kro, kro, kro. Anakula ganda. Anatafuna utamu. Mbegu ngumu inapita tumboni, inatoka nzima, inaanguka na mbolea yake juu. Na miche imeota hapa tu, kwa sababu Digidigi anajisaidia hapa tu. Wengine je, wanaojisaidia popote?

Akakimbia mpaka kwenye mwamba wanakolala Nyani. Chini yake miche, miche. Akakimbia mpaka chini ya mti wanakolala Kanga. Miche. Akakimbia kwa Swala. Miche.

Kisha akakumbuka kwake. Akarudi nyumbani polepole. Akazunguka nyuma ya shimo lake, pale anapokwenda asubuhi yeye na wanawe.

Kichaka. Kichaka kikubwa kuliko vyote, kimeinamia mlango wa shimo. Na ndani yake mbu. Ziii.

Ngiri akakaa kitako. Akapasua donge lake mwenyewe, pa! Mbegu. Mbegu zinang'aa, nzima, hazina hata mkwaruzo. Akapasua la Tunu. Mbegu.

Jamani, kuna uchungu, na kuna uchungu. Alimtafuta adui ng'ambo ya mto, kumbe amemlisha mkononi mwake. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Nyumbu wangezibiwa, wangekufa njaa ng'ambo, Nyani angesifiwa, naye Ngiri angekaa na siri yake. Lakini ndani ya shimo Tunu alikohoa, kikohozi kidogo kama cha panya. Ngiri akainuka. Akafunga madonge mengine, lake na la Tunu, kwenye jani pana, akalishika kwa meno, akaenda.

Kivukoni wote wapo. Boma limefika kifuani. Wajenzi wanajenga huku wanakula, mkono huu tawi, mkono huu ganda. Maganda mengine yanaanguka majini, yanaelea, yanakwenda zake chini ya mto. Hakuna anayejali. Ng'ambo Nyumbu wamesimama, maji yanawapita mbele na miiba ya boma inawazuia kunywa.

Ngiri akaweka mzigo wake katikati ya baraza.

"Umeleta nini, Mama Tunu?" akauliza Nyani. "Kitoweo?"

"Mavi."

Wakaruka nyuma. "Aka! Ptuu! Mbele ya wazee!"

"Ya Nyumbu nimeyapasua ng'ambo, ni majani matupu. Asiyeamini akapasue mwenyewe. Haya ni yangu." Akapasua, pa! "Tazameni. Mbegu. Na haya ni ya mwanangu." Pa! "Mbegu. Aliyepanda Msukari mlangoni kwangu ni mimi. Mbu waliowaua wanangu walikaa katika kichaka changu. Nimeanza na langu. Sasa kila mmoja aseme lake."

Kanga akaficha kichwa chini ya bawa. Digidigi akatokea nyuma ya nyasi, akasema kwa sauti ya uzi, "Nami pia. Chooni kwangu imejaa."

Swala akainamisha pembe. "Kwangu pia ipo. Nilidhani ni bahati."

Nyani akapanda jiwe lake. "Uongo! Sisi viongozi hatupandi! Tumbo langu mimi ni safi! Mimi ganda nalionja tu, kwa ajili ya uchunguzi!"

"Umeonja tangu asubuhi, mwenyekiti," akasema Ngiri. "Shuka tuone."

"Sishuki!"

"Basi tutangoja."

Wakangoja. Wanyama wote wakakaa, macho juu. Nyani akabana. Akakaa upande huu, akakaa upande ule. Akaimba kidogo. Akatazama mawingu. Lakini tumbo, enyi wenzangu, halijui cheo. Likanguruma, ngruuu! Nyani akasema, "Ndugu zangu, kikao nakiahirisha..."

Pwaa!

Juu ya jiwe la mwenyekiti, mchana kweupe! Na ndani yake mbegu kama shanga za bibi harusi.

Kanga akapiga kelele, "Nilijua! Mimi nilijua zamani!" Mwongo mkubwa. Lakini kicheko kilikuwa kimeshawakamata wote, na hata ng'ambo Bibi Nyumbu alitikisa ndevu. Nyani akashuka, akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

Ngiri hakungoja wamalize kucheka. Akaingia majini, akang'ata tawi la kwanza la boma, akalivuta ufukweni. "Si mtoni!" akasema. "Lina maganda. Wekeni juu, pakavu." Swala akaingia. Digidigi akaingia, maji yakamfika kidevuni. Nyani naye akaingia, akabeba matawi mengi kuliko wote. Njia ikafunguka. Nyumbu wakavuka, ndama katikati, wakanywa kwanza. Wakala nyasi zilizosalia. Wakakanyaga miche michanga ufukweni, pu, pu, pu, wakaenda zao.

Baraza likaweka sheria. Anayekula ganda aende choo kimoja, kama Digidigi. Na kila asubuhi, kabla mtu hajasema habari za mwenzake, ang'oe miche iliyoko kwake. Kanga ndiye aliyeumia zaidi kwa sheria hiyo.

Ngiri alianza na mlango wake. Kichaka kile kilikuwa na miiba juu na mizizi mirefu chini. Ukisimama, miiba inakutoboa macho. Ukikata juu, kinachipua upya. Akapiga magoti. Akaingiza pua chini ya matawi, akachimba mzizi, akauvuta kwa meno yake marefu, krak! Kesho tena. Kesho kutwa tena. Magoti yakachubuka, yakapona, yakawa magumu kama kwato. Alipofika mzizi wa mwisho, jua likaingia shimoni, na mbu hawakuwa na mahali pa kukaa pale mlangoni.

Tunu alipona? Ngoja nimalize. Homa ilimrudia, ikaenda, ikarudi tena, ikachoka. Siku moja Ngiri akasikia kitu kinahema ubavuni mwake. Ni Tunu, mifupa mitupu, amepiga magoti, anavuta mche usiozidi kidole. Mche haukutoka. Ngiri akataka kumsaidia.

"Uache, Mama," akasema Tunu. "Huu ni wangu."

Akavuta mpaka ukatoka.

Msukari haukwisha. Mvua zikinyesha huota tena, na wanyama hung'oa tena. Ndiyo maana hadi leo ukimwona Ngiri anachimba, utamkuta amepiga magoti. Watu husema ana kiburi cha uso na unyenyekevu wa miguu. Waache waseme. Yuko kazini.

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni. Maradhi yakiingia kwenu, msikimbilie kumzibia mpita njia. Chunguzeni kwanza, na kila mmoja aanze kuchunguza mlangoni kwake, hata kama atakachokikuta kinanuka. Na ukishakiona, usikae ukalia. Piga magoti, ung'oe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mliocheka mmecheka, na mliokula ganda mnajijua.