Mstari wa Zambarau wa Bibi Ragna

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walioitunga methali hii waliona jambo la kila nyumba: kitu kikishaingia chini ya kitanda, hakitoki kwa kuitwa. Wapo wanaoinama mara moja wakakichukua. Wapo pia wanaotafuta fimbo kwanza, wakakisukuma hadi ukutani, kisha wakainama hata hivyo, na safari hiyo kwa tumbo. Eldrid alikuwa wa kundi la pili.

Eldrid alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sanaa mjini Bergen, mji ambao watu wake hawaulizi mvua itanyesha lini bali itakoma lini. Katika masomo yake hapakuwa na mwalimu wa kusimama ubaoni. Mwanafunzi alijiwekea swali lake mwenyewe, akalitafutia jibu kwa mikono yake, akaandika kila hatua katika daftari la kazi, na mwezi wa Mei wa mwaka wa pili akasimama mbele ya watahini na kitu cha kuonyesha. Asiye na kitu alirudi kwao na daftari lake.

Swali la Eldrid lilitoka katika kipande cha nguo. Marehemu bibi yake, Ragna, alikuwa na tandiko zito la sufu la kujifunikia alilolifuma mwenyewe, lenye mistari ya kijivu, nyeupe na zambarau. Eldrid alilala chini ya tandiko hilo kila kiangazi cha utoto wake, kisiwani Lyngvær, na asubuhi alikuwa akiufuata mstari wa zambarau kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo, huku akisikia birika la kahawa likinung'unika jikoni. Bibi Ragna alipofariki, watoto wake wanne hawakutaka kugombana. Walilitandaza tandiko juu ya meza, wakalikata robo nne sawasawa kama keki. Robo ya mama yake Eldrid ilikuwa na mstari mmoja tu wa zambarau, na mama akampa bintiye. Eldrid aliuliza: rangi hii inaweza kurudi tena duniani kwa mikono ya leo?

Rangi yenyewe ilitoka kwenye vigaga vya mawe, ule utando mkavu mweupe unaoota juu ya miamba ya pwani. Huota polepole mno, na mwamba ukishakwanguliwa leo, anayekuja kuukwangua tena ni mjukuu wa aliyekwangua. Darini kwa Bibi Ragna kulibaki mfuko mmoja wa unga uliojaa vigaga alivyovikwangua ujanani. Ndio huo tu. Eldrid aliugawa mafungu matatu, akajua kuwa ana nafasi tatu za kuurudisha mstari ule, hana ya nne.

Krismasi ya mwaka wa kwanza alikwenda kisiwani kumwona Bibi Borghild, mdogo wake marehemu Ragna, aliyekuwa na miaka themanini na minane na aliyebaki peke yake katika nyumba ya Ragna. Walikula mikate myembamba ya viazi yenye siagi na sukari. Bibi Borghild alisikiliza habari za utafiti, akafuta makombo mezani kwa kiganja, akasema kuwa yeye na Ragna walipika rangi ile pamoja miaka mingi, na kwamba Eldrid akikaa wiki chache angeonyeshwa yote.

Eldrid aliona aibu. Alikuwa amekwisha sikia kwamba wazee wa zamani walitumia mkojo, na hakutaka jambo hilo lizungumzwe penye mikate. Zaidi ya hayo, kichwa chake kilikuwa kimejaa maneno ya chuo.

"Ahsante, Bibi, lakini huu ni utafiti wa kujitegemea," alisema. "Lazima niipate njia mwenyewe. Tena siku hizi kuna njia safi zaidi."

"Haya," alisema Bibi Borghild, akammiminia kahawa.

Kwa watu wa kisiwa kile, 'haya' ya namna hiyo ni mlango unaofungwa taratibu. Eldrid aliisikia, akajifanya hakuisikia.

Aliporudi mjini alinunua amonia ya dukani, akaloweka fungu la kwanza katika chupa pana ya kioo. Lakini chumba cha kazi alikitumia pamoja na wenzake watano, na amonia hiyo ilikuwa na harufu ya kutoa machozi. Hakuna aliyelalamika. Mwenzake mmoja alifungua dirisha tu, katikati ya Januari, akavaa koti na kuendelea kuchora. Kwa Eldrid lile lilikuwa karipio kali kuliko tusi. Mtu wa kwao yuko radhi apoteze kidole kuliko kumsumbua jirani. Aliifunga chupa kwa kifuniko, akazungusha utepe wa gundi mara tatu, akaificha kabatini. Baada ya wiki sita aliifungua, akakuta maji ya rangi ya makapi ya kahawa. Uzi aliouchovya ulitoka kama kamba ya gunia.

Fungu la pili alilitilia amonia zaidi, akalifunga vizuri zaidi. Lilitoka kahawia vilevile, ila limezidi uchafu.

Hakukata tamaa, aliandika. Aliandika kurasa arobaini kuhusu rangi iliyopotea, kuhusu mikono isiyokuwepo tena, kuhusu ukimya. Akampelekea msimamizi wake, Sigmund, mzee mpole mwenye sweta lililotoboka viwiko, ambaye wanafunzi walimwita kwa jina lake tu kama walivyomwita kila mtu. Sigmund alizisoma zote, akazikung'uta ziwe sawa, akaziweka magotini.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Rangi iko wapi?"

Eldrid alieleza kwamba kukosekana kwa rangi nako ni matokeo. Sigmund alikubali kuwa huenda ni kweli, kisha akauliza kama yupo mtu aliye hai anayejua kuipika.

"Yupo. Bibi yangu mdogo. Lakini kazi hii inatakiwa iwe ya kujitegemea."

"Tulikwambia usifanyiwe kazi, Eldrid. Hatukukwambia usiulize." Alimrudishia kurasa zake. "Nenda kabla hujalimaliza fungu la tatu. Au kabla yeye hajamaliza siku zake."

Eldrid alitembea hadi nyumbani mvuani bila kuvaa kofia. Usemi wa Sigmund haukumuuma. Kilichomuuma ni ile 'haya' ya Bibi Borghild jikoni, ambayo sasa aliisikia waziwazi. Kesho yake, mwezi wa Februari wa mwaka wa pili ukiwa mchanga, alipiga moyo konde, akapanda feri na fungu lake la mwisho.

Bibi Borghild alimfungulia mlango, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Utafiti umekwisha?"

"Bado, Bibi."

"Karatasi hazikutoa rangi?"

"Hazikutoa." Eldrid alikuwa ametunga hotuba ndefu ndani ya feri, na yote ilimpotea. "Krismasi ile nilikukosea. Ulitaka kunipa kitu nikakukatalia. Naomba unifundishe."

Bibi kizee alielekeza fimbo yake chumbani. "Mimi mgongo wangu haukunjiki tena. Ingia chini ya kitanda cha Ragna. Iko huko nyuma kabisa."

Eldrid alipiga magoti. Magoti hayakutosha, akalala kifudifudi, akajivuta kwa viwiko juu ya mbao baridi. Vumbi lilimwingia puani. Alipita sanduku la nguo na kandambili moja isiyo na mwenzake, na karibu na ukuta mkono wake ukagusa bati. Ilikuwa poti ya zamani ya kukojolea, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, ndani imeganda doa jeusi lisilotoka hata likisuguliwa. Alipoitoa kwenye mwanga, aliona kuwa doa lile halikuwa jeusi. Lilikuwa zambarau.

Alikaa sakafuni na poti mapajani kama aliyepakata mtoto. Mwaka mzima alikuwa akiitafuta rangi ile katika vitabu na katika maduka.

"Unalia au vumbi?" Bibi Borghild aliuliza kutoka mlangoni.

"Vumbi."

"Vumbi la Ragna hilo. Alikuwa mvivu wa kufagia."

Tangu siku hiyo hakuna tone lililomwagwa chooni katika nyumba ile. Bibi Borghild alimpigia simu jirani yao Magne, mvuvi mstaafu, akamweleza shida yao bila kupepesa, na jioni Magne akaja na ndoo yenye mfuniko, amevua kofia kama anayeingia kanisani. Bibi Borghild alimsifia kwamba mkojo wake ni mzuri kwa sababu hanywi pombe. Magne akasema kuwa katika miaka sabini na minne hiyo ndiyo sifa ya kwanza kupewa na mwanamke wa nyumba hii. Eldrid, ambaye zamani angetamani ardhi immeze, alicheka hadi akashika mbavu.

Mkojo ulikaa wiki mbili mpaka ukachacha sawasawa. Kisha Eldrid akaumimina juu ya fungu la tatu, ndani ya poti ileile, akaiweka kando ya jiko la kuni. Harufu iliijaza nyumba. Alasiri ile wanawake wa kisiwa walikuwa waje kufuma soksi na kunywa kahawa, kama kila Alhamisi. Eldrid alipoona wa kwanza wao akifunga lango, mkono wake ulikwenda wenyewe: alichukua sahani akaifunika poti, akaigandamiza kwa kitambaa.

Macho ya Bibi Borghild yalikuwa hafifu, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimefunika, Bibi. Kwa ajili ya wageni."

"Funua. Hiyo inapumua. Ukiinyima hewa itakufia ikiwa kahawia, hata uiloweke mwaka."

Eldrid alisimama na sahani mkononi. Zile chupa mbili na utepe wao mara tatu zilimjia machoni. Hakuwa amekosea vigaga wala kipimo. Alikuwa ameifunga rangi isipumue, akiona haya mbele ya majirani.

"Kule mjini nilizifunga," alisema polepole. "Zote mbili."

"Ndiyo hivyo," alisema Bibi Borghild, bila ukali. "Ragna aliiacha wazi, na kila anayepita aliikoroga. Hata mchungaji aliikoroga."

Wageni waliingia. Mmoja baada ya mwingine walinusa, wakatazamana, na bila kuulizwa kitu kila mmoja akaushika mwiko na kukoroga kidogo kabla ya kuketi. Na katika mvuke ule, uliochanganyika na kahawa na sufu mbichi, Eldrid aliitambua harufu. Ilikuwa harufu ya viangazi vyake. Alikuwa akiiita harufu ya nyumba kuukuu, na mama yake alikuwa akizifua nguo zake mara mbili kila alipotoka kisiwani. Kumbe alikuwa amelala miaka yote ile karibu na chungu cha rangi, na mikono midogo aliyokuwa nayo wakati huo ilikwishapata kuushika mwiko ule. Alikumbuka sasa: Bibi Ragna akimwinua kwapani ili afikie.

Kwa wiki nne alipiga magoti mbele ya jiko asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kumi na nane ukingo wa maji uligeuka mwekundu kama juisi ya matunda ya mwituni. Siku ya ishirini na nane alichovya uzi wa kwanza, akautoa, akauinua dirishani penye theluji. Bibi Borghild aliusogeza karibu kabisa na jicho, akauweka kando ya robo ya tandiko.

"Wako umekolea kuliko wake," alisema. "Ragna hakuwa na subira." Kisha akaushika uzi ule mbichi mkononi muda mrefu, mpaka viganja vyake vikawa zambarau.

Mwezi wa Mei ulifika. Watahini watatu waliingia katika ukumbi wa maonyesho, wakakuta kitanda kimoja kifupi cha mbao, kitupu, na juu yake ameketi bibi kizee mwenye fimbo, kwa kuwa feri na basi vilikuwa vimemchosha miguu. Waliizunguka mara mbili samani ile. Mkubwa wao, mama mrefu aliyevaa suti nyeusi, alimgeukia Eldrid.

"Samahani, kazi yenyewe iko wapi?"

"Wewe ni mtahini au mpita njia?" aliuliza Bibi Borghild. "Huko chini."

Yule mama alikunja suruali yake magotini, akainama. Haikutosha, akaweka viganja sakafuni, kisha kiwiko, kisha akaingia kichwa na mabega. Chini ya kitanda zilikuwemo chupa mbili zenye maji ya kahawia, zimefungwa kwa utepe. Katikati ilikuwemo poti iliyo wazi, na mwiko ndani yake. Na juu, upande wa chini wa mbao za kitanda, palikuwa pametandazwa kitambaa kipya cha sufu chenye mstari mmoja wa zambarau, mahali ambapo hakionekani na mtu aliyesimama. Kwa muda mrefu waliobaki wamesimama hawakusikia ila mwiko ukigonga bati, taratibu, ukikoroga.

Mama yule alipotoka alikuwa na vumbi magotini, wala hakulipangusa. Wenzake wakaingia mmoja mmoja. Baada ya hapo alimuuliza Eldrid kwa nini daftari lake la mwaka wa kwanza lilikuwa na maneno mengi namna ile na halikuwa na rangi hata tone.

"Wakati ule nilikuwa bado nimesimama," alijibu Eldrid.

Mama yule aliandika neno moja katika karatasi yake, akawapitishia wenzake, nao wakatia sahihi. Eldrid alikuwa amefaulu. Fungu la tatu lilikuwa limekwisha, lakini mstari wa Ragna ulikuwa umerudi duniani, na wa kuwafundisha wengine alikuwepo. Hakuupata kwa fimbo, wala kwa kurasa arobaini, bali kwa magoti na tumbo, sakafuni, vumbini: mtaka cha mvunguni sharti ainame.