Kwa Nini Mama Humwita Mwanawe Mbaya

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, na wewe wa nyuma acha kutafuna, haya si ya mchezo.

Hapo zamani za kale watu walisifu ovyo. Chungu kizuri! Mbuzi mzuri! Kumbe kuna aliyekuwa akisikiliza. Alipita jua la utosi, hana kivuli, na kila kilichosifiwa alikibeba.

Mbodze mfinyanzi alisifiwa chungu, hakukiona tena. Akasifiwa mbuzi, akaambulia kamba. Akaanza kushuku. Basi alipojifungua binti, Sidi, alimficha ndani. Lakini wifi yake, Kache, akaja kumwona mtoto. Vigelegele hivyo!

"Jamani, mtoto mzuri huyu!"

Mbodze akamziba mdomo. Wapi! Kashachelewa. Kuku wakanyamaza uani, nyumba ikaingia baridi mchana kweupe.

"Nimesikia kuna mzuri humu," ikasema sauti mlangoni.

"Hakuna. Huyu mbaya."

Mlango ukafunguka wenyewe. Hapakuwa na mtu, ila mkeka ulibonyea, hatua kwa hatua, mpaka kitandani.

"Nimesikia kuna mzuri."

"Mbaya! Pua kama kifuu!"

Mtoto akainuka hewani, polepole, huku akimchekea mama yake. Mbodze roho ilimchanika. Kulisema neno lile mbele ya kicheko kile kulimuuma kuliko uchungu wa kuzaa.

"Nimesikia kuna mzuri."

"Mbaya! Mbaya wangu! Nani atamtaka zaidi yangu?"

Mtoto akashushwa taratibu, na mkeka ukabonyea kurudi nje.

Tangu hapo, akimnyonyesha, akimwogesha, akimbusu, Mbodze aliimba: mbaya wangu, mbaya wangu. Kache akafuata, kijiji kizima kikafuata. Ila akibaki peke yake Mbodze alilia. Mwanangu atakua akijua simpendi!

Hata siku moja, adhuhuri, mkeka ukabonyea tena karibu na mlango. Mbodze akamkumbatia Sidi, ambaye alikuwa bado hajaanza kusema. Mtoto akamshika mashavu kwa viganja viwili, akamtazama kwa mapenzi tele, na neno lake la kwanza likatoka:

"Mama mbaya."

Mbodze akacheka huku machozi yanamtiririka. Hatua zikaenda zake.

Ngano yangu inakomea hapo. Na wewe uliyempakata mwanao, nimekuona ukimtazama. Haya, mwambie.