Gogo la Mninga na Wadai Watatu

Hapo zamani, wala msikunje sura mkidhani nawapeleka kwa majini na wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, simu zikiwa zimeshajaa kila mfuko, palikuwa na seremala mjini Tabora aliyeitwa Fundi Mlekwa. Mikono yake ilikuwa na baraka. Mdomo wake, Mungu amsamehe. Aliweza kuunga mbao mbili mpaka ukitafuta kiungo kwa ukucha hukipati. Lakini ukimuuliza kitu chako kitakwisha lini, alikuwa na jibu moja tu: kesho. Na kesho ya Fundi Mlekwa ilikuwa na miezi ndani yake. Wapo walioagiza kitanda cha arusi wakakipata mtoto ameshaanza kutambaa.

Watu wakachoka. Barabara ya juu likafunguliwa duka la samani zilizobandikwa kwa gundi, vitu vinang'aa, unachagua, unabeba, unaondoka. Wateja wakahamia huko. Karakana aliyoachiwa na baba yake ikabaki na yeye mwenyewe, randa, msumeno, na gogo moja la mninga lililokuwa likikauka pale kwa miaka kumi na minane. Gogo hilo marehemu baba yake alimkataza kuliuza. Alimwambia alitunze kwa jambo la heshima. Lilitosha kutengeneza kitu kimoja kikubwa, na kingine hakuna.

Kaka yake aliyekuwa Kahama akampigia simu. "Njoo huku bwana, kuna watu wanatafuta mlinzi wa getini."

Mlekwa akajipa muda mpaka mwisho wa mwezi. Mteja wa maana asipotokea, anafunga karakana, anakwenda kukaa getini. Jambo hilo lilimuuma. Akawa anafagia sakafu isiyo na taka, mradi mikono isikae bure.

Siku moja akaja Kalunde, mdogo wake mkewe, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala.

"Shemeji, nimekuandika kwenye orodha ya mafundi ya mtandaoni," akasema. "Jina lako, namba yako na picha ya kazi yako. Mtu popote alipo akitafuta seremala Tabora, anakuona."

"Ananiona mimi? Na kaptula hii?"

"Anaona kabati, shemeji. Nani akuangalie wewe?"

"Sikiliza, shemeji. Mteja wa kitanda anataka aupige ubao ngumi, asikie. Kwenye simu atapiga nini? Kioo chake mwenyewe?"

Wazee waliokuwa wakinywa kahawa pale nje wakaangua kicheko. Na mnawajua watu wa aina ya Mlekwa, wakichekewa kidogo wanaongeza. Akapanda juu ya benchi, akalinyooshea kidole lile gogo.

"Wallahi, nyote mashahidi! Atakayeniletea mteja wa kuinusuru karakana hii, gogo lile ni lake. Aseme anachotaka, nitamtengenezea kwa mikono yangu, na senti yake siitaki."

Loo! Maneno mengine hayarudi mdomoni. Mashahidi walikuwa saba, na mmoja wao alikuwa muadhini.

Sasa, ile picha Kalunde aliipiga wapi? Karakana haikuwa na kitu cha kupiga picha. Aliipiga nyumbani kwa Mwalimu Kulindwa, siku aliyompelekea mitihani iliyochapwa. Aliliona sebuleni kabati la mvule alilotengeneza Mlekwa, akalipiga picha, akaenda zake. Kuomba ruhusa hakuomba.

Mwalimu Kulindwa alilisubiri kabati lile kwa miezi saba, na uchungu wa kila mwezi ulikuwa bado umo kifuani. Basi siku hiyo anaperuzi simu yake, ghafla analiona kabati lake limesimama mtandaoni, na chini yake jina la Mlekwa, na maneno "kazi kwa wakati". Kwa wakati! Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akaandika kwenye sehemu ya maoni:

"Kabati hili ni langu. Fundi huyu ni mwongo. Alinizungusha miezi saba, kila siku kesho, na mara mbili alijificha nyuma ya mlango nikimwona miguu. Kwa kutimiza ahadi nampa alama mbili kwa kumi. Kwa kazi nampa tisa. Huu ni mwaka wa nne, mlango haujashuka, mchwa hajagusa, na halijawahi kulia. Ningempa kumi, lakini sitaki."

Akaituma, akaenda kulala kifua kikiwa chepesi.

Simu ya Mlekwa ikaanza kuita. Jamani, iliita! Ikaita Jumatatu, ikaita Jumanne, ikaita wiki nzima. Namba ngeni tupu. Na Mlekwa alifanya nini? Alizima mlio. Maana katika maisha yake yote namba ngeni ilikuwa na maana moja: mtu anauliza stuli yake. Alipoona mtetemo nao unamkera, akaichukua simu akaifukia kwenye rundo la maranda ya mbao za zamani pembeni. Hebu fikirieni mtu huyo. Anamlilia Mungu ampe mteja, na mteja anatetemeka mle kwenye maranda.

Siku nne zilipobaki mwezi uishe, mkewe Nyamizi alimletea ugali na mlenda. Akasikia kitu kinanguruma chini ya maranda.

"Baba Kasanda, nini hicho?"

"Panya."

"Panya anaita kwa vituo?"

"Usishike, Mama Kasanda! Mwambie nimesafiri!"

Nyamizi alishachimba. Akaiona namba ile ile imepiga mara tano. Akamtazama mumewe, akaitazama simu, akaipokea.

"Haloo," ikasema sauti ya kike. "Hapo ni kwa yule fundi mwongo?"

"Ndiyo," akajibu Nyamizi bila hata kufikiri. "Ni hapa hapa."

Mlekwa akajishika kichwa.

Yule mwanamke akajitambulisha. Aliitwa Bi Sizya, wa Urambo. Anajenga nyumba ya wageni, anataka vitanda thelathini vya mbao ngumu. "Na nataka visivyolia, dada yangu. Umenielewa. Nyumba ya wageni ni biashara ya utulivu. Je, vitachukua muda gani?"

Mlekwa alikuwa akimpungia mkewe vidole viwili, wiki mbili, wiki mbili! Nyamizi akampa mgongo.

"Miezi minne," akasema. "Atakuahidi wiki mbili, usimsikilize. Ni miezi minne, na nitakuwa nimesimama juu ya kichwa chake."

Kisha Bi Sizya akacheka. "Mafundi watatu wameniambia wiki mbili. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kitu kinachoingia akilini. Kesho nakuja."

Akaja kweli. Akalipiga gogo ngumi, akasikiliza, akaenda hadi kwa Mwalimu, akalifungua na kulifunga lile kabati mara kumi. Kabla hajaondoka akaacha fedha za mbao za kuanzia kazi. Karakana haikufungwa. Mlekwa alimpigia kaka yake amwambie geti litafute mtu mwingine, akalia kwenye simu bila aibu. Miezi minne ikapita, vitanda vikaenda Urambo, wateja wengine wakafuata.

Hapo ndipo lile gogo lilipokumbukwa.

Wa kwanza kuja alikuwa Kalunde. "Shemeji, naolewa mwezi ujao, nalitaka kasha langu la arusi. Bila mimi jina lako lingeishia kwa wanywa kahawa. Mtu wa Urambo angekujulia wapi? Angekuota?"

Wa pili akaja Mwalimu Kulindwa. "Mimi nastaafu. Nataka meza ya kuandikia, yenye saraka nne. Bila mimi ungekuwa jina tu katikati ya majina. Kila fundi mle ni bora, kila fundi ni namba moja. Mama wa watu aliniambia mwenyewe, ameniamini mimi kwa sababu mwenye hasira namna ile hawezi kuisifu kazi kama si kweli."

Wa tatu hakuja, alikuwapo. "Mimi nalala kitanda kilichoegemezwa matofali," akasema Nyamizi. "Mke wa seremala, miaka ishirini na moja! Bila mimi jina lako na maneno ya Mwalimu vingeozea kwenye maranda. Nani alipokea? Nani alisema miezi minne?"

Mlekwa akawaangalia. Kila aliyesema, aliona amesema haki. Angeweza kukubaliana na yeyote, shida walikuwa watatu.

Wakageukiana.

"Mwalimu," akasema Kalunde, "wewe hukuandika kumsaidia. Uliandika kumwaibisha. Unadai zawadi ya matusi?"

"Na wewe binti," akasema Mwalimu, "ulimwandika kwa huruma? Wale wenye orodha walitoa fulana kwa kila aliyewapelekea majina kumi. Hiyo uliyovaa ni nini? Shemeji yako alikuwa wa kumi, baada ya fundi viatu. Na kabati lilikuwa langu."

Kalunde akaifunika ile fulana kwa khanga.

"Na dada hapa?" akauliza, uso umemwiva. "Dada, sema kweli. Uliipokea simu kwa ajili ya mteja?"

Nyamizi akasita. Si mtu wa kusema uongo, mmeshamwona. "Niliona namba moja imepiga mara tano, na mume wangu ameifukia," akasema. "Nilijua ni mwanamke. Nilipokea nimtukane."

Wanywa kahawa wakashikana mabega kwa kicheko, na Mlekwa naye akacheka, mpaka alipowaona wale watatu hawacheki. Kalunde anataka kuolewa na kasha mkononi. Mwalimu anahesabu siku zake za mwisho kazini. Nyamizi mgongo unamuuma kweli. Akaacha kucheka. Alimpenda mkewe, alimhurumia shemeji yake, na Mwalimu alikuwa amemkosea miezi saba. Moyo ukamzidi uzito.

"Tulipasue kati kwa kati?" akajaribu.

"Kitatoka nini?" akauliza Nyamizi. "Stuli tatu?"

Kalunde akasema asipopewa, jina alilolitia kwenye orodha anajua pa kulifutia. Mwalimu hakutisha mtu; alitoa simu tu, akavaa miwani, akasema ataandika atakachokiona, na Urambo wanasoma. Simu ya karakana ikaanza kuita, namba ngeni, Nyamizi akakunja mikono akaiacha iite.

Mlekwa akalibingirisha gogo mpaka kwenye meza ya kazi. Akachomoa penseli sikioni. Kitanda chataka lipasuliwe kwa urefu wake wote. Kasha lataka likatwe vipande vifupi. Meza yataka upana. Msumeno ukishaingia kwa kitu kimoja, vile viwili vingine basi tena. Muadhini yule shahidi akasogea karibu, maana kiapo alikisikia kwa masikio yake, na jina aliloapia Mlekwa si la mchezo.

Haya, ninyi mlionisikiliza mkicheka. Aliyemtia kwenye orodha, alifanya kwa ajili ya fulana. Aliyemfanya aaminike, alifanya kwa hasira. Aliyeipokea simu, alifanya kwa wivu. Ukimwondoa mmoja wao, yeyote umtakaye, Fundi Mlekwa leo yuko getini Kahama. Na msiniambie gogo alichukue mwenyewe kwa sababu kabati alilitengeneza yeye. Mtu aliyemfukia mteja kwenye maranda hana la kudai hapa.

Msumeno ameshaushika, na watatu wote wanamtazama mkono. Je, akate kasha, akate meza, au akate kitanda?